Ng'ombe, mbuzi au maji? Jibu kwa mama wa Tandahimba aliyeambiwa achague msaada

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijijini wilaya ya Tandahimba, juu kwenye uwanda. Tuko kikundi cha akina mama ishirini. Shirika moja limetutembelea, limetuambia tuchague: kila kaya ipewe mtamba mmoja chotara mwenye mimba, au kila kaya ipewe mbuzi majike watatu na kikundi kipate madume, au fedha yote iingie kwenye maji. Ukipokea mnyama, mzao wake wa kwanza jike unampa mwenzako anayefuata kwenye orodha. Mume wangu anasema tuchukue ng'ombe, ng'ombe ni utajiri. Mimi naogopa maji. Nyumba yetu ni ya bati, mita nane kwa sita, na tuna kisima cha kuvunia mvua cha lita elfu kumi. Tuko watu sita. Kisima kinakauka mwezi wa nane, kuanzia hapo tunanunua ndoo shilingi mia tano mpaka mvua zirudi. Shamba ekari tatu, mikorosho na muhogo. Wengine wanatutisha kwamba mnyama akifa tutamlipa. Tena bondeni tuliwahi kuwekewa pampu ya mkono na wafadhili, ikafa, hakuna aliyeirudia. Tufanye nini? Jibu linatakiwa kabla ya mwezi kwisha."

Marahaba mama, na pole na kiangazi. Umeniandikia swali lenye vipimo ndani yake, na hilo limenirahisishia kazi. Wengi huniuliza "daktari, nifuge nini?" bila kuniambia hata wanateka maji wapi.

Jibu lenyewe nalitanguliza. Kwa hali uliyoieleza, mwaka huu usipokee ng'ombe. Kikundi kiombe maji kwanza, na yawe maji ya kuhifadhi nyumbani, si pampu. Mbuzi waje baadaye. Shirika likigoma kubadili mpango, chukueni mbuzi, lakini kwa masharti nitakayoyaeleza huko chini.

Mumeo hakukosea kuhusu thamani ya ng'ombe. Mtamba chotara akizaa na akatunzwa vizuri, lita sita hadi kumi kwa siku si ajabu, wakati ng'ombe wetu wa asili hutoa lita moja au mbili. Samadi yake kwenye udongo wa kichanga kama wa kwenu ni mali nyingine. Na mpango wa kupeana mifugo una historia ndefu. Mkulima wa Kimarekani, Dan West, aligawa maziwa kwa wakimbizi wa vita vya Hispania, akachoka kuona foleni ile ile kila siku, akasema watu wapewe ng'ombe badala ya kikombe. Mitamba ya kwanza ilisafirishwa kwenda Puerto Rico mwaka 1944, na sharti la kumpa mwingine mzao wa kwanza lilizaliwa huko. Hapa kwetu umelisikia kama "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Kagera, Kilimanjaro na Tanga ziko familia zilizosomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo. Rwanda wamelifanya suala la kitaifa tangu 2006 kwa mpango wa Girinka.

Ila ukiangalia ramani ya mafanikio hayo utaona jambo. Mengi yako kwenye baridi kidogo, kwenye migomba, ambako maji yako karibu na majani yanaota karibu mwaka mzima. Uwanda wa Makonde una mvua ya kutosha, lakini mchanga wake huyanywa maji yote yakashuka chini sana, na kati ya Juni na Novemba juu hakuna kitu. Ndiyo maana maji ya bomba ya Newala na Tandahimba yanasukumwa kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema, yakipanda mlima kwa mashine. Mashine ikilala, uwanda mzima una kiu.

Sasa tukae na hesabu yako, maana hapo ndipo penye jibu.

Watu sita mkitumia lita 15 kila mmoja, ni lita 90 kwa siku. Kisima cha lita 10,000 kikijaa mwanzoni mwa Mei kitawafikisha siku 111, yaani karibu tarehe 20 Agosti. Inalingana kabisa na ulivyoniandikia. Kutoka hapo hadi mvua za mwisho wa Novemba mnahitaji kama lita 9,000 za kununua, ndoo mia nne na hamsini na kitu, karibu Sh. 230,000.

Mwingize ng'ombe wa maziwa. Akiwa anakamuliwa, kwenye joto, anahitaji si chini ya lita 60 kwa siku, na akiwa na maziwa mengi huzidi hapo. Matumizi ya nyumba yanakuwa lita 150. Kisima kilekile kinakauka wiki ya kwanza ya Julai. Mpaka Novemba iishe mtakuwa mmenunua lita 22,000, ndoo elfu moja na mia moja, zaidi ya Sh. 550,000. Na hapo nimechukulia kwamba ndoo itabaki mia tano na muuzaji hataishiwa.

Mumeo akiisoma hii atasema: maziwa yatalipa maji. Kwenye karatasi ni kweli. Ndoo tatu za ng'ombe ni Sh. 1,500 kwa siku, na lita moja tu ya maziwa yaliyopata mnunuzi inaweza kuzirudisha. Lakini sehemu kubwa ya maziwa, karibu asilimia 87, ni maji. Ng'ombe aliyepunjwa maji leo anapunguza maziwa kesho, na akipunguza kwa siku nyingi mfululizo hayarudi mpaka azae tena. Kwa hiyo mwezi ambao maji ni ghali ndio mwezi ambao maziwa ya kuyalipia yanakauka. Ongeza kwamba mwenye kubeba ndoo hizo tatu za ziada ni wewe na binti zako. Sijawahi kuona mradi ulioandika kazi hiyo kwenye bajeti. Na mnunuzi wa maziwa yuko wapi? Kijijini bila jokofu wala gari la kukusanya, maziwa ya jioni yanauzwa kwa majirani au yanagandishwa mtindi. Mtu wa Masasi mjini au pembezoni mwa Mtwara, mwenye bomba la uhakika na mkahawa wa kumpelekea maziwa kila asubuhi, akiniuliza swali lako hilihili nitamwambia amchukue ng'ombe.

Chakula nacho. Ng'ombe wa kilo 400 anakula kama asilimia kumi ya uzito wake kwa majani mabichi: kilo 40 kwa siku, kila siku, pamoja na Ijumaa na siku ya msiba. Ekari zako tatu zina mikorosho na muhogo. Chini ya mikorosho iliyofunga kivuli majani ni haba, na kuanzia Juni mpaka Septemba mnapuliza salfa. Mifugo ikila majani yenye vumbi la salfa kwa wingi inaweza kudhurika mpaka kwenye ubongo: anapofuka, anatembea akigonga miti, anaanguka. Watu husema amerogwa. Mpaka uwe umepanda majani ya tembo nusu ekari hivi au zaidi, mahali pasipofikiwa na salfa, na yakawa tayari kabla mnyama hajashuka kwenye gari, ng'ombe wa kufungiwa bandani atakuwa anakula nguvu zako.

Halafu swali ambalo vikundi vingi havimuulizi mfadhili: mitamba inatoka wapi? Wakiwatoa Nyanda za Juu Kusini kwenye baridi na kuwashusha Tandahimba, wanakutana na joto na kupe wasiowazoea. Ndigana kali inaletwa na kupe, na inaua chotara kwa siku chache. Homa ya ghafla, matezi ya chini ya sikio yamevimba, anahema kwa shida, basi. Kuogesha kwa dawa ya kupe kunatakiwa kila wiki kwenye msimu wao, na chanjo ya ndigana kali ipo ila ni ya gharama. Kwa wasomaji wa Liwale na maeneo mengine ya Lindi yanayopakana na mapori, ongezeni mbung'o na ugonjwa wake wa nagana. Mkoani Mtwara kuna shamba la Serikali la kuzalisha mitamba, Nangaramo, wilaya ya Nanyumbu. Mnyama aliyekulia joto la kusini ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi kwako kuliko aliyekulia Makete. Na akishazaa huyo wa kwanza, atapandwa na nani? Dume chotara liko kijiji gani? Mhimilishaji, yule wa kupandisha kwa mrija, anafika? Mtamba anakuja na mimba moja tu. Nyingine ni juu yenu.

Mbuzi, basi.

Mbuzi mmoja wa asili hunywa lita tatu hadi tano. Watatu ni kama lita 12 kwa siku, kisima chako kinawahi kukauka kwa wiki mbili hivi, si mwezi na nusu. Anakula majani ya miti ambayo ng'ombe hayafikii, anabeba mimba miezi mitano, na mara nyingi huzaa mapacha. Akifa umepoteza, lakini hujafilisika. Na soko lake kwenu halihitaji jokofu: Idi ya kuchinja, msimu wa jando na unyago baada ya mavuno, na miezi ya fedha za korosho, Oktoba hadi Desemba. Ukimuuza mbuzi Machi kwa sababu ya shida utapata nusu ya bei. Ukipanga kuuza kwenye sikukuu, mbuzi huyohuyo analipa ada.

Ila wasikudanganye kwamba mbuzi hana shida. Karibu na mwaka 2011 Tandahimba ilipigwa na sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ambao Tanzania ulikuwa umethibitishwa kaskazini mwaka 2008 tu. Ulifikaje kusini mbali hivi? Uchunguzi uliofanywa baadaye uliwahusisha mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Nalirudia hili kwa kila kikundi kinachosubiri msaada, kwa sababu mradi unaogawa mbuzi sitini kwa siku moja, walionunuliwa mnadani na kusafirishwa usiku kucha wamebanana, unaweza kugawa ugonjwa pamoja nao, na watakaokufa ni pamoja na mbuzi wa majirani ambao hawamo hata kwenye kikundi.

Kwa hiyo masharti yangu kwenu ni haya. Mbuzi wanunuliwe karibu, ikiwezekana ndani ya Mtwara na Lindi. Wawe na kibali cha kusafirisha mifugo, kilichosainiwa na daktari wa huko walikotoka. Wachanjwe sotoka, na homa ya mapafu ya mbuzi ikiwezekana, kisha wakae sehemu moja iliyotengwa wiki tatu kabla ya kugawiwa. Shirika litalalamika kwamba wiki tatu ni gharama. Ni kweli. Liambieni hiyo ndiyo gharama ya mbuzi, na kama fedha haitoshi wapunguze idadi, kila kaya ipate wawili.

Nyumbani, banda liinuliwe kutoka chini, sakafu ya mirunda yenye nafasi ili kinyesi kidondoke na minyoo isirudi mdomoni. Mbuzi afungwe kamba au akatiwe majani, maana mbuzi mmoja aliyeachiwa ataumaliza mche wa korosho wa jirani kwa asubuhi moja, na kesi hiyo mtaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji ikiwa na faini kubwa kuliko mbuzi. Maganda ya muhogo ni chakula kizuri sana, lakini yale ya muhogo mchungu yakiliwa mabichi yana sumu. Yaanike juani siku mbili tatu mpaka yakauke kabisa. Mabibo wanayapenda, wape kidogo kidogo, si karai zima la yaliyochacha.

Kuku nitawagusa tu, kwa kuwa najua mtauliza. Wa kienyeji, ndiyo, ila tone moja la chanjo ya kideri jichoni kila baada ya miezi mitatu. Bila hilo usianze.

Sasa nitoke kidogo kijijini. Swali kama misaada ya mifugo inamtoa mtu kwenye umaskini limepimwa kwa uangalifu. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha matokeo ya nchi sita (Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru) kutoka kwa kundi la watafiti akiwemo Esther Duflo na Abhijit Banerjee, waliopata baadaye tuzo ya Nobel ya uchumi. Kaya maskini zilipewa mali ya kuanzia, mara nyingi mifugo, lakini pamoja nayo zikapewa fedha au chakula cha kuvukia kwa muda, mafunzo, mtu wa kuwatembelea mara kwa mara, na mahali pa kuweka akiba. Mwaka mmoja baada ya msaada kwisha, kwa ujumla kaya hizo bado zilikuwa zinakula vizuri zaidi na kupata kipato zaidi. Kwa hiyo wanaosema misaada yote ni bure wanakosea. Lakini Honduras mambo hayakwenda, na sababu mojawapo ni kuku waliogawiwa: wengi walikufa kwa magonjwa. Na huko Ghana walijaribu pia kuwapa baadhi ya kaya mbuzi peke yao, bila mengine yote. Hao hawakupata mafanikio waliyopata waliopewa kifurushi kizima.

Uliza basi shirika lenu: baada ya siku ya picha, nani atarudi? Kila baada ya muda gani, kwa muda gani? Kama jibu ni "tutawasiliana", mmepewa mbuzi peke yao. Mahitaji yale mengine mnaweza kuyajazia kwa sehemu: kikundi chenu kiwe na hisa za kila wiki, na kwenye mfuko huo kuwe na fungu la dawa ambalo halikopwi. Kama baadhi yenu mko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ruzuku ile inaweza kumvusha mtu miezi ya mwanzo asimuuze mbuzi kwa njaa.

Kuhusu kulipa mnyama akifa. Wanaowatisha wanachanganya mambo mawili. Kupitisha zawadi, yaani kumpa mwenzako mzao wa kwanza jike, si deni la kulipa wafadhili. Ni ahadi kwa mwenzako wa kikundi, na inadaiwa mnyama akizaa jike. Akifa kwa ugonjwa, na afisa mifugo akaandika kilichomuua, mikataba mingi haimdai mtu. Akiuzwa kwa siri au akichinjwa kwenye sherehe, hapo unadaiwa, na ni haki. Lakini "mingi" si "wote". Ombeni mkataba wenu, kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mkutanoni kabla mtu hajasaini. Usikubali unaosema tu "mnufaika atawajibika" bila kutaja kifo. Na jina kwenye mkataba liwe lako, mumeo asaini kama shahidi. Sisemi hivi kwa kumshuku. Nimeona ndoa zikivunjika na mbuzi wakagombaniwa na wajomba, na aliyekuwa anawakatia majani miaka yote ndiye aliyeondoka mikono mitupu.

Pampu ya bondeni nayo inastahili maelezo, kwa kuwa ndiyo inayowafanya muogope neno "maji". Tangu miaka ya 1970 Ufini ilifadhili maji ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi, na pampu za mkono za Nira, zilizotoka huko huko, zikasambaa. Pampu zenyewe hazikuwa mbaya. Kilichoua pampu nyingi za wafadhili, za huko na kwingineko, ni kipira au mpini wa bei ndogo ambao duka la Tandahimba halina, fundi aliyefundishwa akahamia mjini, na mfuko wa maji ambao haukuwahi kuchangiwa kwa kuwa watu waliambiwa maji ni ya bure. Siku hizi maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, iliyoanza kazi Julai 2019, na chombo cha watumia maji cha kijiji chenu kinatakiwa kusajiliwa huko. Ile ya bondeni huenda inahitaji vipuri tu. Andikeni barua ofisi ya RUWASA ya wilaya, waje waikague. Kukagua hakuwagharimu korosho hata moja.

Ila juu kwenye uwanda pampu ya mkono msiikubali, hata ikiletwa mpya na rangi inang'aa. Pampu hizo zimetengenezwa kwa maji ya karibu: Nira kama mita 15, Afridev mita 45 hivi. Chini yenu maji yako mbali kuliko hapo. Kisima kirefu cha umeme au sola kinawezekana, lakini ni uamuzi wa wataalamu wa RUWASA na bodi ya maji ya bonde, na fedha ya kikundi cha watu ishirini haitoshi.

Kinachotosha kiko juu ya kichwa chako. Bati lako ni mita za mraba 48. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, paa lako linakusanya zaidi ya lita 34,000. Kisima chako kinabeba elfu kumi. Nyingine mnatumia wakati wa masika, na nyingi zinamwagika zikichimba ua. Mvua unayo, mama. Huna pa kuiweka. Kisima cha pili cha elfu kumi kingewafikisha watu peke yao mpaka Desemba, na pamoja na mbuzi watatu mpaka katikati ya Novemba. Zile Sh. 230,000 za ndoo, zikibaki mkononi kila mwaka, zinanunua mbuzi bila mfadhili yeyote.

Mkijenga, kisima kiwe mbali na choo na mbali na mikorosho, kwa sababu mizizi yake inatambaa mbali na inapasua kuta. Kifunikwe kabisa, mtoto asitumbukie na mbu wasizaliane. Na jambo la kwenu hasa: salfa na dawa za korosho za kiangazi zinatua kwenye bati. Mvua za kwanza za Novemba ziachieni zimwagike nje, bomba la mfereji ligeuzwe pembeni, mpaka paa lioshwe vizuri. Wenye haraka ya kujaza wanakunywa salfa ya miezi mitatu.

Je, shirika litakubali? Sina uhakika. Tatizo lao lipo huko wanakochangisha: mtu wa Ulaya anaguswa na picha ya mtoto ameshika mbuzi kuliko picha ya shimo lililosakafiwa. Lakini wamewaambia wenyewe kwamba maji ni chaguo la tatu, kwa hiyo mlango uko wazi. Nendeni na pendekezo lililoandikwa: nusu ya fedha visima vya kaya ambazo hazina au vilivyo vidogo, vijengwe na mafundi wa hapo kabla ya Novemba. Nusu nyingine mbuzi wawili kwa kaya kumi za kwanza, walio na maji tayari, na kaya kumi zinazofuata wapokee wazao. Wekeni hesabu ya kila kaya: ukubwa wa paa, ujazo wa kisima, mwezi kinapokauka. Ishirini mkiwa na karatasi ya namna hiyo, hata mfadhili mbishi atakaa asikilize.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi. Kabla ya kuwajibu, mwombeni afisa mifugo wa kata aje aangalie eneo, atawaambia ugonjwa gani unasumbua kijijini kwenu mwaka huu. Kisima chenye ufa mwiteni fundi akishuke kikiwa kikavu, Oktoba. Msizibe kwa kukisia. Mbuzi wakishafika, ukiona mafua mazito, macho yenye tongo, vidonda mdomoni na kuharisha kwa pamoja, usingoje wa pili augue: mtenge, mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo, na kikundi kizima kisitishe kuhamisha wanyama. Na mnyama yeyote akifa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani au nyuma, msimchune wala msimle, hata kama nyumbani hakuna mboga. Hicho kinaweza kuwa kimeta, na kinaua watu. Wafukuzeni mbwa na watoto, mpigieni daktari, yeye ndiye atakayesema azikwe wapi na kwa kina gani.